Swichi ya Tauno

Januari, mji wa Thunder Bay, kaskazini ya mbali, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia na watu wanaona ni kawaida. Eero Niskanen alivuka barabara akiwa amekumbatia mashine ya gemu iliyofungwa kwenye taulo. Alipanga hivi: anairudisha, anasema pole tena, anakwenda zake. Mwendo wa dakika tatu tu, lakini miguu ilikuwa mizito kama ya mtu anayeitwa polisi.

Mashine ilikuwa ya Tauno Kivelä, rafiki yake tangu utotoni. Tauno alizama ziwani Machi iliyopita, yeye na pikipiki yake ya theluji, barafu ilipokatika chini yao. Alimwacha mama yake peke yake.

Ndani ya mashine ile Tauno alikuwa amejirekodi akipiga kodiani, wimbo anaoupenda mama yake, na mwishoni anacheka na kuuliza, "Mama, umesikia?" Nakala nyingine haikuwepo popote duniani. Mama Tauno alitaka kitu kimoja tu, aisikie sauti hiyo mara nyingine.

Mwenyewe hajui hata kuiwasha, akampa Eero mashine. Si ndiye aliyeifungua zamani akapachika chipu ya pili na swichi ndogo nyuma? Ukiipandisha swichi, mashine inawaka na programu ya kiwandani. Ukiishusha, inawaka na programu ya kina Eero, mafundi wa mtaani, yenye mambo yote matamu ambayo kiwanda hakiruhusu. Sharti lilikuwa moja: zima kwanza, ndipo uiguse swichi. Eero alikuwa mkali sana kwa hilo. Mtu akija na mashine iliyokufa, hata salamu haijaisha, yeye anauliza, "Ilikuwa inawaka?" Tauno alikuwa akimwigiza kwa sauti nzito ya puani mpaka watu wanashika mbavu.

Na unajua alichofanya Eero mwenyewe? Alikaa na mashine ya marehemu mezani, simu begani, anabishana na mtu habari za mpira wa magongo. Mashine inawaka. Kidole kikaenda kwenye swichi.

Tk.

Cheche moja. Uzi mwembamba wa moshi. Harufu ya plastiki iliyoungua...

Waya aliouunga mwenyewe kwa haraka miaka ile uligusana na mwenzake, na bodi ikafa. Kwenye bodi hiyo ndimo ilimokaa namba ya siri inayofungua diski. Kila fundi wa mashine hizi huinakili namba hiyo kwenye karatasi kabla hajagusa kitu. Eero hakuinakili. Uvivu tu, hakuna jina jingine. Diski ikabaki nzima, imefungwa, na sauti ya Tauno imo ndani.

Hayo yangesameheka. Lakini Mama Tauno alipopiga simu, Eero alisema: "Ni Tauno mwenyewe, Mama. Lazima aliibonyeza swichi mashine ikiwa inawaka. Nilimkataza mara mia."

Akamsingizia maiti!

"Ingia, mwanangu, unaacha baridi iingie," Mama Tauno alisema mlangoni. Kahawa ilikuwa tayari, na mkate wa iliki umekatwa. Aliipokea mashine akaiweka mezani, mbele ya picha ya mwanawe. Eero aliona picha imegeuzwa, inatazama ukuta.

"Nimemwadhibu," mama alisema. "Mwezi mzima namgombeza. Namwambia, wewe, kitu kimoja tu ulichoniachia, na hicho ukakiharibu kwa utundu wako! Kila siku namwambia."

Eero aliurudisha mkate sahanini. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi.

"Sauna ina moto," mama aliendelea. "Mimi nimeshatoka. Ingia, ila usikawie. Maji ya mwisho si yetu, ya wenyewe."

Kila Mfini wa mtaa ule, mtaa wa wahamiaji wa Kifini, anajua. Watu wakishaoga mvuke, maji ya mwisho humwagwa juu ya mawe ya moto, mlango ukafungwa, chumba wakaachiwa wasioonekana. Eero aliingia haraka. Alichokikimbia ni ile picha.

Kibanda cha sauna kilikuwa nyuma ya nyumba. Ndani giza, mdomo wa jiko tu unang'aa mwekundu. Alikaa benchi la chini. Joto likamkumbatia. Akafumba macho.

Tk.

Akafumbua. Kuni, alijiambia. Kuni hupasuka.

Tk... tk.

Ilitoka juu, benchi la nyuma yake. Halafu harufu ikaja. Si ya kuni wala ya majani ya mbetula wanayojichapia humo. Plastiki iliyoungua.

Tone la maji lilimwangukia begani. Lilikuwa la baridi, baridi ya ziwani. Alipeleka mkono nyuma taratibu, akagusa benchi la juu ambalo lingepaswa kumuunguza. Lilikuwa limelowa. Lilikuwa barafu.

Kitu kikainama sikioni mwake. Kikanong'ona, kwa sauti nzito ya puani...

"Eero. Ilikuwa inawaka?"

Hakukumbuka alivyofungua mlango. Alijikuta jikoni, taulo kiunoni, theluji imemganda miguuni.

"Si yeye, Mama Tauno! Ni mimi. Niliibonyeza mimi, inawaka, na namba sikuandika. Nilikudanganya."

Mama hakupiga kelele. Aliinyanyua ile picha, akaigeuza, akaipangusa kwa aproni yake, pole pole, kama anapangusa uso wa mtoto.

"Mwezi mzima," alisema. "Nimemtukana mwanangu mwezi mzima, na yeye hawezi kujibu."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi usiniombe. Nenda ukamwambie mwenyewe. Maji ya mwisho bado."

"Kule sirudi, Mama. Yumo! Nakuapia yumo."

"Si ndiyo maana nakutuma?"

Angeweza kuchukua nguo zake na kuondoka. Lakini ile picha sasa ilikuwa inamtazama. Akarudi kule kibandani, analia waziwazi kama mtoto, wala hakuona haya. Akachota maji kwa upawa, akayamwaga juu ya mawe. Mvuke ukapanda, ukameza kila kitu.

"Ilikuwa inawaka, Tauno," alisema. "Mimi ndiye niliyeibonyeza. Nikakusingizia kwa mama yako kwa sababu niliona haya."

Benchi la juu lililia, kama mtu mzito anainuka. Baridi ikampita ubavuni, ikatoka mlangoni. Kisha hakukuwa na kitu ila mawe yanayofyonza maji.

Ndipo akasikia mlango wa jikoni unagonga ukuta, akatoka kizingitini. Mama Tauno alikuja mbio juu ya theluji, miguu mitupu, mikono kifuani, uso umelowa machozi na umekunjuka kwa furaha.

"Umesikia? Eero, umesikia? Kodiani! Wimbo wote, mpaka mwisho, mpaka anacheka! Waya wa mashine haujachomekwa, nakuapia haujachomekwa! Umesikia?"

Eero hakuwa amesikia kitu. Upepo tu, na mbwa wa jirani. Lakini alimwona mwanamke yule alivyokuwa, na neno jepesi likamjia mdomoni lenyewe. Ndiyo, Mama, nimesikia. Lingemgharimu nini? Alifungua kinywa...

Nyuma yake, ndani ya mvuke...

Tk.

"Sikusikia, Mama," Eero alisema.

Mama Tauno alimtazama, furaha ikapungua kidogo usoni, si yote.

"Basi wewe hukupewa," alisema, akarudi ndani akafunga mlango.

Mashine ilipelekwa kwa fundi mwingine mjini. Akaifungua, akasema bodi imeungua kabisa, haiwezi kutoa hata mlio. Mama Tauno alimsikiliza kwa adabu, akaibeba akaenda nayo nyumbani. Haichomeki kwenye umeme. Kila Jumamosi jioni, baada ya maji ya mwisho, anavuta kiti anakaa mbele yake, na majirani wanasema huwa anatabasamu.

Eero aliacha kazi ya kufungua mashine za watu. Bado yuko mtaa uleule, upande wa pili wa barabara. Akimwambia mtu kwenye simu "niko njiani" na kumbe bado amelala, husikia tk ndogo ukutani, karibu na sikio. Kisha husema, "Samahani. Bado niko kitandani."