Jeki Iliyouliza

Duane Haugen aliikuta jeki imepanda. Hilo peke yake lingemkera tu, maana mtu anayevijua vyombo hivi haachi jeki imesimama bila mzigo. Unaishusha, unaifuta, unaiweka kando. Kilichomtoa jasho, na nje theluji imefika magotini, ni kwamba jana yake alikuwa amefungua kizibo chake na kuikuta kavu, haina hata tone la mafuta. Jeki kavu haipandi. Sukuma mpini wake mpaka bega liteguke, haipandi. Na hii ilikuwa imepanda hadi mwisho, kichwa chake cha chuma kimeelekea dari.

Aliisukuma kwa kiganja. Ikashuka polepole, ikitoa pumzi ndefu.

Akajiambia ni kutu. Mafundi ndivyo walivyo, kila wasichokielewa hukiita kutu. Aliinunua Jumamosi kwenye mnada wa shamba moja upande wa ziwani, ikiwa imetupwa katikati ya majembe ya trekta yaliyovunjika, na aliponyoosha mkono hakuna aliyeshindana naye. Hizo ndizo jeki alizozipenda, za Kimarekani za zamani, chuma kizito cha kumiminwa kwenye kalibu, za enzi ambazo kiwanda kilitengeneza kitu ukamrithisha mwanao. Katika gereji yake pale nyumbani alikuwa nazo thelathini na moja, kila moja imefufuliwa kwa mkono wake na kupakwa rangi. Hakuuza hata moja.

"Wanaume wengine wakizeeka wanatafuta visichana," mkewe Connie alizoea kuwaambia wageni. "Wangu anatafuta jeki. Sijui nishukuru au nilie."

Watu wa mji ule mdogo wa Minnesota walicheka zaidi yale majaribio yake. Kila jeki aliyoitengeneza aliinyanyulia pua ya pikapu yake, akaweka chini stendi za chuma, miguu ya kulishika gari jeki ikishindwa, upana wa kidole tu pasipo kugusa, kisha akaiacha siku saba. Asubuhi na jioni alipima kwa rula. Ikishuka hata unywele, aliifungua yote akaanza upya. Hakumweleza mtu kwa nini.

Mama yake, Ardis, hakucheka. Alikuwa na miaka themanini na sita, akiishi chumba cha nyuma, na daktari alikwisha kusema moyo wake umechoka, kiangazi hautakiona. Juu ya meza yake palikuwa na karatasi ya kanisa inayosubiri sahihi. Alitaka kuzikwa kwa wazazi wake, kaunti ya pili, si kwenye kiwanja walichonunua yeye na mumewe Orrin. Orrin alikuwa amelala pale tayari. Lakini kando ya Orrin alilala Lyle.

Lyle alikuwa mdogo wake Duane. Alikufa miaka thelathini na minne iliyopita, akiwa na ishirini na miwili, chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, bila stendi. Mwalimu wa ufundi katika shule ya sekondari aliligeuza jina lake kuwa somo: msijifanye Lyle Haugen. Baba yao alikunywa pombe mwaka mzima, akamfuata. Na Ardis hakukanyaga kaburini tena. "Alikuwa na akili ya kuku," alikuwa akisema huku akimenya viazi. "Aliniulia mume wangu kwa uvivu wa kuinua vyuma viwili." Duane alikuwa akimpakulia chakula.

Jumanne alikwangua rangi ya zamani kwenye ubavu wa ile jeki mpya. Zikatokea herufi mbili zilizochorwa kwa msumari, L na H, ile H imepinda mguu. Akaketi sakafuni palepale. Baba yao aliitupa jeki ile ya Lyle kwenye lori la vyuma chakavu siku moja baada ya mazishi, na Duane alikuwa ameomba kwa nusu ya maisha yake iwe imeyeyushwa.

Alijua kitakachokuwa ndani kabla hajaifungua yote. Raba zilikuwa zimevimba na kulainika kama mkate uliolowekwa, na ikapanda ile harufu tamu ya kuchefua ya mafuta ya breki. Mafuta ya breki hayatiwi kwenye jeki. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua, yanakula raba. Lakini kijana wa miaka ishirini na sita aliyeahidi kumtengenezea mdogo wake jeki, aliyekosa mafuta yake dukani na anayesubiriwa na msichana aitwaye Connie, alishika mkebe uliokuwa karibu akamimina, akisema moyoni kesho atayabadilisha. Lyle alikuwa amekwisha kulala chali juu ya kipande cha zulia. "Inashika?" aliuliza. Kama haishiki, angekwenda kuleta stendi kwa jirani. Duane akamjibu huku anavaa koti, "Itashika mpaka kiama. Ingia."

Hakumwambia mtu. Baba yake alimuuliza mara moja tu, naye akajibu kwamba Lyle alikuwa na haraka.

Basi akaifufua ile jeki kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia popote. Akatia raba mpya, akatia mafuta halisi, akatoa hewa yote, akainyanyulia pikapu, stendi chini. Jumatano alikuwa amesimama na rula mkononi saa tisa na dakika kumi alasiri, jua la Februari likiingia dirishani, iliposhuka. Haikuanguka. Ilizama, taratibu, kama mtu anayekaa kitini, mpaka pikapu ikatua kwenye stendi. Kisha pakasikika chini ya gari, ambako hapakuwa na mtu, spana ikigonga saruji. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena.

Aliyamwaga mafuta kwenye karai. Yalitoka mafuta ya breki.

Akarudia Alhamisi, akarudia Ijumaa, kila mara kwa chupa mpya aliyoivunja kizibo mwenyewe, na kila mara saa tisa na dakika kumi jeki ilizama na harufu ile ikajaa gereji na spana ikagonga, na Jumamosi baada ya kugonga ikaja sauti, ya chini, ya kijana, bila hasira hata kidogo, sauti ya mtu aliyelala chali anayeuliza jambo la kawaida kabla ya kuanza kazi, na Duane aliyekuwa amerudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu ya jeki zake akasikia zile thelathini na moja nazo zikipanda na kushuka moja baada ya nyingine, zote zikitoa pumzi.

"Duane. Inashika?"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Connie alikuwa amesimama pale na taulo la vyombo, uso umemwisha damu.

"Nani yumo humo?" alinong'ona.

"Lyle."

"Anataka nini?"

"Anauliza swali. Nilishamjibu zamani, nikamjibu uongo."

Akamwambia yote, pamoja na lile la msichana aliyekuwa akimsubiri. Connie alilia bila sauti. Alipomaliza alisema mama lazima ajue kabla hajaitia sahihi karatasi ile, na kwamba Duane asiposema, atasema yeye.

Duane alisema Jumapili, baada ya ibada, kahawa ikipoa. Ardis alimsikiliza mikono ikiwa juu ya meza. Duane alitegemea kelele, alitegemea hata kofi. Mama yake aliuliza tu spana hugonga saa ngapi, na alipoambiwa akatazama ukutani.

"Siku ile nilizisikia," alisema. "Zile spana. Nilikuwa juu nashona. Nikasema, Lyle yuko kazini, kumbe alikuwa akiniita." Alikisukuma kikombe kando. "Nilihitaji kumkasirikia mtu, Duane. Ningejikasirikia mimi nisingefika hapa. Na wewe unaniangalia namtukana mtoto wangu miaka thelathini na minne, unanipakulia viazi."

"Mama, nisamehe."

"Nipeleke gereji."

Connie ndiye aliyemshika mkono, maana alikataa wa Duane. Walimkalisha kwenye kiti cha kukunja mbele ya pikapu, blanketi magotini. Alionekana mdogo sana. Saa tisa na dakika kumi jeki ilianza kuzama, harufu ikaja, spana ikagonga mara tatu, na bibi yule aliyekuwa hawezi kuinama kuvaa soksi zake alitelemka kwenye kiti, akapiga magoti juu ya saruji ya baridi, akalaza shavu chini ili aone uvunguni.

"Duane," sauti ikasema. "Inashika?"

Ardis alimtangulia Duane kujibu.

"Haishiki, mwanangu," Ardis alisema. "Haishiki, na haikuwa kosa lako. Mama yako amekusikia. Toka huko chini. Njoo, toka."

Kisha kitu kikaburuzika juu ya saruji, polepole, kuelekea kwake, mburuzo wa zulia lenye mtu juu yake, na nywele za mvi usoni pake zikapeperuka. Harufu ikakatika. Pikapu ilibaki imeinama juu ya stendi, ikawa gari tu.

Ardis aliichana karatasi ya kanisa siku ileile. Kesho yake aliomba kupelekwa makaburini, na Duane alipochukua funguo alimwambia, "Wewe baki." Connie alimwendesha. Walikaa kwenye theluji karibu saa nzima.

Ardis hakumsemesha Duane tena. Alikula alichompakulia, alimruhusu amfunike miguu, lakini macho yake yalimpita kama anaangalia mlango. Siku kumi na saba. Connie alimsihi mama mkwe, mchungaji akamsihi, haikusaidia. Duane aliingia kila asubuhi, akamsalimu, akajibiwa na saa ya ukutani.

Siku ya mwisho ilikuwa ya jua, maji ya theluji yakidondoka kwenye mapaa. Pumzi zake zilikuwa zimeanza kuachana. Duane alikaa kitandani, na kwa mara ya kwanza mama yake aligeuka akamtazama, akamtazama hasa, uso wake wote ukafunguka kwa furaha ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake. Akaushika mkono wake akauweka shavuni.

"Lyle," alisema. "Umetoka?"

Connie alimtazama mumewe. Duane akainama mpaka sikioni mwake.

"Nimetoka, mama," akasema. "Niko hapa."