Simu Kwenye Maporomoko

Walikutana kwenye duka la miwani, mchana ambao wateja walijaa hadi mlangoni. Mpima macho, binti mwenye ulimi mkali na macho ya kumsoma mtu, alimwona mwanamume wa suti ya kijivu akijipenyeza mbele ya foleni. Alitaka miwani ya vioo vitupu. Macho yake yalikuwa mazima. Alikuwa amepandishwa cheo tu, na alitaka kuonekana msomi.

Mpima macho alimdharau palepale. Lakini jamaa alikuwa na sauti nzuri na alijua kujicheka mwenyewe. Alipoomba namba ya simu mbele ya watu wote, binti alimpa ili aondoke. Angalau ndivyo alivyojiambia.

Uchumba ulipoanza, dada yake binti alimbandika mwanamume huyo jina la Waziri, kwa jinsi alivyopenda kuhutubia. Waziri alimwita malkia, alimpigia kila asubuhi kabla hajatoka kitandani, na alimweleza kwa uchungu kwamba wazazi wake wote wawili walishafariki. Huruma hiyo ndiyo iliyomponza mpima macho. Kila Waziri alipomchosha, alikumbuka kwamba ni yatima, akanyamaza.

Jumamosi moja Waziri alimpeleka matembezi ya kutwa kisiwani. Binti alivaa gauni jepesi la njano. Mwenzake alivaa viatu vyeupe, kama mtu asiyejua kwamba mashambani kuna matope. Kwenye boti aliwabeza abiria waliobeba vyakula vyao, akanong'ona kwamba wanahama. Mpima macho alicheka. Kisiwani walipakiwa kwenye lori lenye mabenchi, wakapita kati ya mashamba ya mahindi na harufu ya samadi. Waziri aliziba pua kwa leso, huku akiwapungia wakulima mkono kama mgeni rasmi. Safari hii binti hakucheka.

Maporomoko yalishuka kutoka juu ya mwamba mweusi kwa kishindo kilichomeza maneno ya watu, na manyunyu yakamlowesha binti mpaka kope. Waziri alimkabidhi simu yake ili ampige picha, akaingia majini akitanua mikono.

Simu ikaita mkononi mwa binti. Kwenye kioo palisomeka "Dobi". Ikakatika, ikaita tena. Akasogea pembeni, akapokea, akaomba apigiwe baadaye, kwa kuwa mwenye simu anaogelea.

"Sawa, mwanangu," alisema mama mtu mzima. "Mwambie ni mama yake, nimeruhusiwa kutoka hospitali. Asihangaike kuja, najua kazi zimembana."

"Shikamoo, mama," akasema binti.

"Marahaba. Mikono tu ndiyo bado imevimba. Nguo za watu zitasubiri."

Waziri alitoka majini akitiririka. Alikuwa ameshapanga na mwongoza wageni, kwa hiyo watu walikusanyika na simu zao juu. Akapiga goti, akafungua kiboksi cha pete.

"Malkia wangu, sina baba, sina mama..."

"Dobi amepiga," binti alimkatiza. "Ameruhusiwa hospitali."

Uso wa Waziri ulisawijika. Akasimama, akamsogelea hadi sikioni. "Usiniaibishe mbele za watu. Wewe mwenyewe unavyodharau watu, ungemkubali mtoto wa dobi?"

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa halikuwa uongo wote. Akakumbuka kicheko chake cha kwenye boti.

"Mtoto wa dobi ningemkubali," akajibu. "Wewe ndiye nisiyekutaka."

Watu walishusha simu zao mmoja mmoja, wakajifanya wanatazama maji.

Wakati wa kurudi Waziri alikuja kukaa karibu naye kwenye boti. Hakuwa tena na hotuba. Alisema alianza kudanganya shuleni, akauzoea uongo, na kwamba yuko tayari kubadilika. Alilengwalengwa na machozi, na mpima macho, kwa muda mfupi, alihisi moyo unamlainika.

"Basi mpigie mama yako," akamwambia. "Sasa hivi."

Waziri akatoa simu, akapiga. Akatazama kushoto, akatazama kulia kwa abiria waliombana, kisha akauficha mdomo kwa kiganja na kunong'ona, "Haloo, habari za kazi?"

Mpima macho hakusikia shikamoo wala neno mama. Akainuka, akahamia benchi la mbele.