Zamu ya Maji ya Jioni

“Mwanangu, siku hizi jioni imefutwa?”

Mama Tuneya, jirani yao, alimwuliza Lavender hivyo akiwa na jembe begani na matope makavu miguuni. Lavender alikuwa akisugua sufuria uani.

Wakulima wa kando ya mto, nje kidogo ya Garsen, hutumia pampu moja. Nusu yao humwagilia asubuhi, nusu jioni, na kila Jumamosi hubadilishana zamu. Zamani Mzee Philemon, mwenyekiti wao, alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaarifu. Magoti yalipomchosha, Lavender, aliyejifunza shuleni PHP, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, alijitolea kuandika programu ya kuwatumia ujumbe wa simu. Kila shamba lilipewa herufi: A ni asubuhi, J ni jioni. Wiki hii mashamba manne yakiwa AJJA, wiki ijayo yawe JAAJ.

Lakini sasa wote waliambiwa asubuhi. Walisongamana mferejini, na maji hayakufika shamba la mwisho, la Mama Tuneya.

“Labda ni mtandao, mama,” Lavender alijibu bila kuinua macho.

Mama Tuneya alisema basi mtandao huo una dhambi nyingi kuliko watu, akaenda zake polepole.

Lavender alijua hakuijaribu programu. Jumamosi iliyopita alikuwa amechoka, akaituma hivyo hivyo ili akalale.

Kesho yake, akitoka shule, alipita shambani kwa Mama Tuneya. Miche ya mpunga ilikuwa imegeuka manjano. Mama Tuneya alikuwa akipanda ukingo na ndoo kichwani, akitoka kuchota maji mtoni, mahali penye mamba ambapo watu hawachoti. Lavender alisimama, kisha akarudi shuleni mbio kuomba kompyuta.

Kosa alilipata. Alitumia amri ya str_replace, inayofanya badiliko moja kwanza, kisha la pili. Kila A iligeuzwa J. Halafu kila J, hata zile zilizotoka kugeuzwa, ikawa A. Ndiyo maana jioni haikubaki. Akaweka amri nyingine, strtr, ambayo hubadilisha kila herufi mara moja tu na hairudii iliyokwisha badilishwa. Akaandika AJJA. Ikatoka JAAJ.

Jioni mama yake, Elsie, alirudi kutoka shambani akakaa kizingitini, hana nguvu hata ya kuvua ndala. Lavender alimweleza yote. Elsie alijifunga leso, akasema kitanda kitangoja, waende kwa Mama Tuneya.

Walimkuta Mzee Philemon kwa Mama Tuneya, akisikiliza malalamiko yale yale.

“Si mtandao, mama,” Lavender alisema. “Ni mimi. Sikuijaribu programu kabla ya kuituma, kisha nikakudanganya. Nisamehe.”

Mzee Philemon aliuliza kama imetengenezwa. Alipojibiwa ndiyo, alimpigia simu mwangalizi wa pampu, amfungulie Mama Tuneya maji jioni ile ile.

Elsie alimtazama binti yake. “Kosa la kompyuta umelirekebisha kwa mstari mmoja. Uongo wako ulimpeleka mwenzetu kwa mamba. Kazi ya watu hujaribiwa kwanza, na kosa husemwa mapema. Sote tunachoka, Lavender. Mungu hachoki kutuona.”

Mbali, pampu ilianza kunguruma. Mama Tuneya alijiinua kwa shida, akanyoosha mkono kutafuta jembe lake afungue mfereji.

Lavender alilichukua kabla yake, akaliweka begani, akaenda kuufungua mfereji.