Mgongo wa Bibi Tenneh

Maji ya ndoo yalikuwa yanapungua, na mle ndani hakuna aliyenawa.

Baindu aliligundua hilo siku ya kumi na sita ya karantini. Asubuhi aliijaza ndoo ya bomba iliyowekwa mlangoni, akatia klorini kama walivyofundishwa. Adhuhuri ikawa nusu. Walikuwa wawili tu, yeye na bintiye Massah wa miaka sita, tangu watu wa mavazi meupe walipomchukua mama yake, Bibi Tenneh, wakaizungushia nyumba kamba. Ebola haikuwa na huruma, na wale watu hawakuwa na muda. Walimzika Bibi Tenneh ndani ya mfuko, bila kumwosha. Na sisi Wamende tunajua: asiyeoshwa havuki mto wa wafu.

Jirani yake Jebbeh alikuja na chungu cha kisamvu, akakiweka nje ya kamba.

"Jebbeh, nani anakuja kunawa kwangu?"

"Kwako wewe? Shoga, hata mbuzi wangu siku hizi wanapita mbali!" Jebbeh akacheka, akajigusa kifua. Ndiyo salamu iliyobaki. Watu waliozoea kushikana mikono mpaka mazungumzo yaishe walikuwa wameacha ndani ya miezi mitatu tu. Baindu mwenyewe hakuwa amemgusa hata Massah. Kila mmoja na mkeka wake, kila mmoja na bakuli lake.

"Ni Bibi," Massah akanong'ona Jebbeh alipoondoka. "Jana aliosha mikono. Leo kichwa."

Kesho yake, jua la utosini, Baindu alisikia bomba likifunguliwa. Maji yalitiririka, yakanyamaza, yakatiririka tena, na harufu ya klorini ikaingia chini ya mlango ikiwa imechanganyika na harufu ya udongo mbichi, na katikati ya maji hayo akasikia mtu akiguna taratibu, kama alivyokuwa akiguna mama yake alipoinama kuosha miguu.

Akamtumia salamu Karamoko Lansana, mganga wa pale kijijini. Mzee akaja, akasimama nje ya kamba.

"Hilo ni jini, binti yangu. Limevaa sauti ya marehemu. Linautaka mkono wako tu. Usilijibu, usiliguse."

"Na kama ni mama kweli?"

"Mama yako angekuomba umguse, na mtoto yumo ndani?"

Baindu alijua mzee anasema kweli, na moyo wake ulikataa.

Siku ya ishirini, imebaki moja kamba ikatwe, sauti ikaja mlangoni kwa adabu.

"Baindu, mwanangu. Nimeosha kote. Mgongo siufikii."

Akaziba masikio.

"Nilikuosha ulipozaliwa. Mimi nitavuka vipi na mgongo mchafu?"

Hapo ndipo aliposhindwa. Mtoto gani wa kike angeweza? Akafumba macho, maana uchi wa mama hautazamwi, akafungua mlango, akapapasa mpaka akaigusa ndoo, akakinga maji kwa kiganja, na kiganja kikakuta mgongo, naye akausugua huku akilia na kuomba msamaha, akausugua toka shingoni hadi kiunoni, na kadiri alivyosugua ndivyo machozi yalivyozidi, mpaka akahisi kwamba mgongo ule ulikuwa mdogo. Tena ulikuwa wa moto, moto wa homa.

Maiti haina homa.

Alipofumbua macho, nyayo za maji zilikuwa zimekwisha kuvuka kamba, zikielekea mtoni. Mbele yake, juu ya kigoda, alikaa Massah, aliyemdhani amelala ndani, anatetemeka, macho mekundu.

"Mama," akasema, "kichwa kinaniuma."

Walikuwa wamefundishwa la kufanya: rudi nyuma, usimguse, ita watu. Baindu alimkumbatia.