Leo Nitasali Mimi

Fundi alipoifungua milango ya lifti iliyokwama kwa nguvu za mikono, watu walitoka wakisukumana na kulalamika. Alibaki dada mmoja, mshona magauni ya harusi wa ghorofa ya nne, amekumbatia shela jeupe asije mtu akalichafua. Blauzi yake ya zambarau ilikuwa imelowa jasho, lakini alikuwa anacheka.

"Asante, fundi."

"Asante kavukavu hivyo, fundi mwenzangu?"

"Kwani na wewe unataka gauni?"

Fundi lifti alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Jioni alimpigia simu kuuliza kama shela limefika salama. Kesho yake akauliza tena, na shela lilishachukuliwa na mwenyewe.

Walipendana. Jumapili walikaa benchi moja kanisani, na sauti nzito ya fundi ilimfanya mpenzi wake asahau maneno ya wimbo.

Kisha fundi akaanza kupotea. Hakufiwa, hakufukuzwa kazi. Moyo tu ulimzimika. Simu ikawa inaita bila kupokelewa. Siku aliyopokea, sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliye kisimani.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi una mwingine. Sema, nijue moja."

"Usinisubiri."

Majuma yakapita mshonaji akishona furaha za wenzake, kisha anarudi chumbani kula peke yake, simu kando ya sahani. Haikuita.

Ndipo dada yake fundi akamfuata dukani.

"Wifi yangu, hakuna mwanamke. Haendi kazini, chakula hagusi, haogi. Mlango ananifungulia, moyo hanifungulii."

Mshonaji aliondoka akaacha sindano imechomekwa kwenye kitambaa.

Alimkuta amelala mchana kweupe, pazia limefungwa, ndevu zimemjaa.

"Niliona aibu," fundi alisema bila kumtazama. "Mwanamume mzima nalia bila sababu. Hata kusali siwezi tena. Nikifumba macho ni giza tu."

Mshonaji aliketi sakafuni, akamshika mkono.

"Basi leo nitasali mimi. Wewe pumua tu."

Akainamisha kichwa. "Baba, huyu wako amechoka. Mimi nimemshika huku. Wewe mshike kule nisikofika."

Fundi aligeukia ukuta, akalia.

Dada yake akampeleka kwa daktari, akaanzishiwa dawa. Mchungaji alikuja, akanywa chai, hakuhubiri. Na kila asubuhi mshonaji alipiga simu, akasali. Upande wa pili hakuna aliyeitikia amina. Kuna siku simu haikupokelewa kabisa. Siku hizo alisali akiziangalia kuta za chumba chake, akijiuliza kama kuna anayemsikia, wa duniani au wa mbinguni. Hata hivyo alisali.

Asubuhi moja ya mvua, simu yake ndiyo iliita.

"Umeamka, mpenzi?"

"Nimeamka. Wewe umelala?"

"Kidogo." Akavuta pumzi. "Nimesali."

"Umesema nini?"

"Nimesema, 'Bwana, bado nipo.' Nikaishia hapo. Sikuwa na zaidi."

"Inatosha," alisema mshonaji, machozi yakimtiririka. "Inatosha kabisa, mpenzi wangu. Nije?"

"Njoo. Ila pitia mkate," fundi akasema. "Nina njaa."