Sura Ambayo Mwalimu Silvano Hakuisoma

Mwalimu Silvano alikutwa asubuhi sebuleni kwake, Kitangari, amelala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Jirani yake Julia alimpelekea uji akakuta mlango uko wazi.

Inspekta Ethel alifika kutoka Newala akiwa na Koplo Anthony. Redio ilikuwepo. Simu ilikuwepo. Mezani palikuwa na madaftari kumi na moja yenye namba, kila moja limeandikwa "kati ya 12".

"La kumi na mbili liko wapi?"

"Ndilo la leo, afande," Julia alisema, akijifuta machozi kwa kanga. "Kila alasiri alitusomea pale bombani. Hadithi ya upelelezi, kaitunga mwenyewe. Leo alikuwa amtaje muuaji."

Ethel akaketi kusoma. Katika nchi aliyoitunga Mwalimu Silvano, maji ya vita vya Maji Maji yalizuia risasi kwelikweli, Wajerumani wakarudi kwao, na polisi waliweza kumwagia kaburi maji ili marehemu atoe ushahidi. Alisoma mpaka chai aliyoletewa ikapoa. Mwisho wa daftari la kumi na moja, maji yalimwagwa juu ya kisima kilichozibwa. Sauti ikajibu kutoka chini ya saruji: "Muulizeni ndugu yangu."

Ethel akalifunga daftari.

"Jana alipofika hapa, watu walifanyaje?"

"Walishangilia! Isipokuwa Faridi. Zamu yake ilikuwa imekaribia, akabeba ndoo zake tupu akaondoka."

Ethel alikulia Tandahimba, kwenye uhaba wa maji kama huu. Hakuwahi kuona mtu akisota foleni ya maji tangu adhuhuri, kisha akaondoka na ndoo tupu.

"Anaishi na nani?"

"Na mama yake, Mama Ashraf."

Walimkuta Faridi uani. Mama yake alikuwa akichambua kisamvu.

"Shikamoo, Mama Ashraf."

"Marahaba, mwanangu."

Ethel akamgeukia Faridi. "Ashraf ni nani?"

"Kaka yangu. Alikwenda Msumbiji, mwaka wa sita sasa."

"Na kisima hiki cha maji ya mvua, mbona kimezibwa?"

"Kilipasuka."

"Lini?"

Faridi akamtazama mama yake.

"Faridi, nimekuuliza. Lini?"

"Nani alimwambia Mwalimu?" Faridi alipaza sauti. "Hapakuwa na mtu! Baba alimwachia Ashraf mikorosho yote. Mimi niliyeipalilia sikupata hata mche. Nilimpiga jembe mara moja tu. Halafu jana namsikia kaka akiongea kwa mdomo wa Mwalimu, mbele ya watu! Nilimfuata Mwalimu kwake usiku nimsihi asisome. Akacheka, akasema hadithi lazima iishe. Nikaokota mchi."

Alitoa daftari la kumi na mbili ndani ya shati. Hakuwa amethubutu kulifungua.

Ethel alisoma ukurasa wa mwisho kwa sauti. Muuaji alikuwa karani wa liwali. Ndugu alikuwa shahidi tu, aliyejificha kwa woga.

"Mwalimu hakujua chochote," alisema. "Alikuwa anatunga."

Faridi alilitazama daftari kama mtu asiyejua kusoma.

Alasiri saruji ya kisima ikavunjwa. Ashraf alikuwemo. Koplo Anthony alileta shuka, lakini mama akamzuia kwa mkono. Aliketi ukingoni, akamwita mwanawe kwa jina, akaanza kumpa habari za miaka sita: nani kaoa, nani kafa, mwaka gani mvua ilikuwa nzuri.

Hakuna aliyemharakisha.