Asifike Tu

Jua lilikuwa linazama Peninah aliposhuka metro Bur Dubai kwenda kwa fundi Himid kuchukua makoti ya baridi yaliyopelekwa kupunguzwa mikono. Moja la madam aliyemwajiri, moja la mtoto wa madam. La tatu lilikuwa la Shamira, mfanyakazi mwenzake, na ndilo lililomuuma, kwa sababu mpaka juzi aliamini kwamba lingekuwa lake.

Madam Najla alitaka kwenda Ujerumani na kuendesha gari mwenyewe kati ya miji miwili ya kale, Rothenburg na Dinkelsbühl, yenye kuta za mawe na malango ya enzi za wafalme. Peninah ndiye aliyeipanga safari. Kwao Vihiga alikuwa amesomea utalii kabla hajaja Ghuba kulea mtoto na kupiga pasi. Jioni nyingi walikaa na kompyuta kwenye meza ya jikoni. Aliikataa barabara kuu ya haraka, akachagua ile ya vilimani, inayopita Schillingsfürst penye kasri juu ya mlima, kisha Feuchtwangen, halafu mashamba mpaka lango la Dinkelsbühl. Mwendo wa kama saa moja, ukienda polepole. Alijua mpaka pale watakaposimama mtoto apigwe picha.

Halafu madam akasema atakwenda Shamira. Mtoto halali bila Shamira, khalas, yamekwisha.

Peninah alijibu kwamba hakuna shida. Kisha akaingia bafuni, akafungulia bomba ili asisikike.

Shamira hakuwa na kosa. Alikuwa binti wa Kiganda, mdogo wake kwa umri, na walilala chumba kimoja uani kwenye jumba la madam kule Al Barsha. Alipopewa habari ile, alikuja kumwomba Peninah radhi kana kwamba ameiba.

Sasa Peninah alitoka kwa fundi, makoti begani, akakata kichochoro cha maduka ya vitambaa. Ilikuwa saa ya sala. Milango mingi ilikuwa imerudishwa na njia ilikuwa tupu.

Ndipo akasikia harufu.

Udongo uliolowa mvua... Na mvua haikuwa imenyesha Dubai miezi mingi.

Kwenye ngazi ya duka moja alikaa mwanamke aliyevaa nyeusi, uso umefunikwa. Peninah alikuwa keshampita aliposikia sauti nyuma yake. Ilisema Kimaragoli, lugha ya nyumbani kwao.

"Mwanangu, mbona umebeba nguo ya mwenzio?"

Peninah akasimama. Angeweza kuondoka. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba angeweza kuondoka, hakuna aliyemshika. Lakini alirudi, akainama, akamweleza yote: safari, ramani, koti, kilio cha bafuni. Ilikuwa raha kusikilizwa.

"Nipe jina lake," mama yule akanong'ona. "Na njia atakayopita."

Peninah akataja. Shamira. Rothenburg, Schillingsfürst, Feuchtwangen, Dinkelsbühl. Majina yale magumu yalimtoka laini, kama yanavutwa.

"Sitaki aumie," akaongeza. "Asifike tu."

"Hatafika."

Njia nzima ya kurudi, Peninah alijituliza kwamba maana yake ni viza. Watamnyima viza, basi. Lakini viza ikatoka. Akamsaidia Shamira kufunga sanduku, akamfunga na vifungo vya koti mpaka shingoni, huku hawezi kumtazama machoni. Ndege yao iliporuka, alishukuru kimoyomoyo kwamba mama yule alikuwa mropokaji tu.

Siku ya safari ya gari, Peninah alikuwa anapiga pasi. Nje adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Ujerumani bado ilikuwa alasiri, jua linawaka. Asubuhi Shamira alikuwa amemtumia picha ya kuta za Rothenburg zikimetameta. Simu ikaita.

"Dada Peninah." Shamira alikuwa ananong'ona. "Huku giza limeingia."

"Giza gani saa hizi?"

"Sijui. Tumepita Feuchtwangen zamani. Kuna kanisa dogo lenye mlango mwekundu. Tunalipita, tunakwenda, tunakwenda... tunalikuta tena. Madam analia. Mtoto hataki kufumba macho."

Peninah akaiweka pasi pembeni.

"Na kuna mama," Shamira akasema. "Kila tukilipita kanisa yuko pale, anatupungia mkono. Amevaa nyeusi. Dada, gari zima linanuka udongo."

Peninah akaibana simu sikioni. Kwa mbali akamsikia madam akisema kwamba atasimama amwulize yule mama njia.

"Msisimame!"

Kisha sauti ya madam ikaja karibu, maana Shamira alikuwa ameweka spika. Aliuliza kwa nini. Aliuliza kama Peninah anamjua mtu yule.

Hapo ndipo aibu ilipomkaba. Aliiona kazi yake ikipotea, aliiona tiketi ya kurudishwa Nairobi, na zaidi ya yote aliuona uso wa Shamira ukisikia. Akadanganya. Alisema ni ramani, pengine alikosea kuichora, waendelee tu moja kwa moja.

Wakaendelea. Alisikia injini, na mtoto akihema kwa kwikwi. Muda ukapita.

"Tumerudi," Shamira akasema. Sasa sauti yake haikuwa na nguvu. "Safari hii amesimama katikati ya barabara."

Peninah akapiga magoti sakafuni, simu mdomoni.

Akasema. Alisema yote, kwa sauti, madam akisikia: kichochoro, yule mama, wivu, lile neno lake mwenyewe. Alisema ni yeye aliyetaka Shamira asifike. Kisha akayataja tena majina ya njia, akilia, na mwisho akasema wafike, wafike wote.



Alisikia mlango wa gari ukifunguliwa.

Ukafungwa.

Simu ikakatika.

Alibaki sakafuni mpaka picha ilipoingia. Lango la Dinkelsbühl, mnara wake, jua la jioni juu ya vigae vyekundu. Mtoto amesimama chini yake na koti lake. Hapakuwa na neno lolote.

Waliporudi, madam alimwambia mumewe kwamba walipatwa na ukungu na simu ikakosa mtandao. Hakumfukuza Peninah. Hakumtajia lolote. Ila alianza kujitengenezea chai mwenyewe, na Peninah akimkaribia mtoto na kijiko, madam alikipokea kijiko taratibu, bila hasira, akamlisha mwenyewe. Fundi Himid naye, Peninah alipomwuliza habari za yule mama, alisema kina mama wengi hukaa kwenye ngazi zile, hawezi kujua yupi.

Shamira alikaa siku kadhaa akimsalimia kama zamani, shikamoo dada, habari ya kazi. Ilikuwa bora angemtukana. Mwishowe, mchana mmoja wakikunja nguo chumbani, alisema bila kuinua macho:

"Ulipoanza kusema kweli, tulikuwa tumeshasimama."

Peninah akaiweka chini nguo aliyoishika.

"Aliingia. Akakaa nyuma, kati yangu na mtoto. Madam hakumwona humo ndani. Ghafla kukawa mchana na barabara ikanyooka. Alishuka pale langoni." Shamira akalainisha shuka kwa kiganja. "Njiani alizungumza nami Kiganda, dada. Kama wa nyumbani. Akaniuliza kama na mimi nina jina la kumpa."

Peninah alitaka kumwuliza alijibu nini. Lakini angeanzaje, yeye, kumwuliza Shamira swali hilo?

Shamira akachukua shuka lingine, akampa Peninah ncha mbili ashike, wakalikunja pamoja.